Popo na kanari: nani kati yao anatuonya chini ya udongo?

Kuna neno linalozunguka kati ya watu wanaofanya kazi ndani ya mashimo. Wanasema: njia ya zamani yenye popo ndani ni njia salama, maana mnyama hawezi kuishi mahali hewa ni mbaya. Pengine umelisikia neno hilo wakati wa kusubiri posti yako. Pengine umelisema wewe mwenyewe kwa kijana mpya, ukifikiri unamsaidia.

Leo ukurasa huu unataka kulipima neno hilo, na maoni yetu tunayasema toka mwanzo: ni neno la hatari. Anayeliamini anamchukua popo kwa kanari. Hawa ni wanyama wawili tofauti kabisa. Mmoja alisaidia wachimba madini kwa karibu miaka mia moja. Mwingine, pasipo kukusudia, amewapeleka wachimba madini wengi kaburini, na wengine wao ni Wakongomani wenzetu.

Tuwaweke basi wote wawili mbele yetu, tuwatazame.

KANARI NI NANI?

Kanari ni ndege mdogo mwimbaji wa rangi ya manjano. Asili yake ni visiwa vya bahari ya Atlantiki: Kanari, Madeira na Asori. Watu wa Ulaya walianza kumfuga zamani sana kwa sababu ya wimbo wake. Uzito wake ni gramu 15 hadi 20 hivi, yaani barua moja ndani ya bahasha yake. Sisi tunaye ndugu yake hapa: yule chiriku wa manjano unayemwona anadonoa mbegu pembeni ya mashamba.

Namna gani ndege huyu alifika chini ya udongo? Ni kwa sababu ya hewa moja yenye sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo huzaliwa penye moto usiowaka vizuri, penye moshi wa baruti, penye moshi wa mota. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala koo. Ikiingia mwilini inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoshika, na damu haipati tena nafasi ya kubeba hewa ya uzima. Mtu anasikia kichwa kinauma kidogo, miguu inalegea, usingizi unakuja. Anakaa chini apumzike. Haamki tena.

Mwaka 1896, mgodi wa makaa wa Tylorstown, katika Wales kule Uingereza, ulilipuka. Mtaalamu mmoja, John Scott Haldane, alikwenda kuchunguza maiti. Akaona kwamba wengi hawakuuawa na moto wala mawe. Waliuawa na ile hewa iliyobaki nyuma ya mlipuko. Ndipo akashauri wachimbaji wabebe mnyama mdogo mwenye damu ya moto, panya au ndege, aonje hewa mbele ya watu. Kanari ndiye aliyeonekana bora. Akianguka kutoka kijiti chake, kila mtu anamwona, hata mwenye taa ndogo. Panya akilala, nani atajua kama amelewa sumu au anasinzia tu?

Kwa nini kanari anaanguka mbele ya mtu? Ni kwa sababu ya mwili wake. Moyo wake unapiga mbio, pumzi yake ni ya haraka. Zaidi ya mapafu, ndege ana mifuko ya hewa ndani ya mwili, na hivi anapata hewa mpya akivuta pumzi na tena akiitoa. Mwili huo ni mzuri kwa kuruka. Lakini hewa ikiwa na sumu, sumu nayo inaingia mara mbili. Kanari analegea, na mtu bado ana dakika za kurudi nyuma.

Katika Uingereza, tangu mwaka 1911, kila mgodi wa makaa ulikuwa na kanari wawili wa kazi. Viko vizimba vilivyotengenezwa kwa akili sana: juu yake chupa ndogo ya oksijeni, mbele mlango mviringo. Ndege akianguka, mtu anafunga mlango, anafungua chupa, na ndege anaamka. Wachimbaji waliwapenda ndege wao. Waliwapigia miluzi na kuongea nao. Mwisho wa mwaka 1986 serikali ya kule ilitangaza kwamba kanari waliobaki, zaidi ya 200, wataacha kazi, na mashini ndogo za umeme zitashika nafasi yao.

Msomaji, shika jambo moja katika habari hiyo. Kanari alisaidia kwa sababu alikuwa dhaifu kuliko sisi. Kinachotuua sisi kilimwangusha yeye kwanza. Hiyo ndiyo maana ya mwonyaji.

POPO NI NANI?

Popo tunayemsema hapa si popo yeyote. Ni popo wa pango, yule mkubwa wa rangi ya kahawia anayekula matunda, ambaye wataalamu wanamwita Rousettus aegyptiacus. Uzito wake ni zaidi ya gramu 100. Mabawa yake yakifunguliwa yanafika sentimeta 60 hivi. Si ndege. Ni mnyama mwenye nywele, anazaa na kunyonyesha kama mbuzi.

Popo wengine wa matunda wanalala mitini. Kwa mfano wale wa rangi ya majani makavu wanaokusanyika kwa mamilioni katika Kasanka, kwa jirani zetu wa Zambia, kila mwaka toka mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili. Huyu wetu anapenda giza, unyevu na jiwe. Anaweza kuruka gizani bila kugonga ukuta kwa sababu anapiga ulimi, anasikiliza mlio unaorudi, na masikio yake yanamwonyesha njia. Mtu akichimba mgodi kisha akauacha, kwa popo huyu amemjengea nyumba. Wanakaa humo maelfu, wakati mwingine makumi ya maelfu. Jioni wanatoka kutafuta tini pori, maembe, mapera na ndizi. Alfajiri wanarudi.

Tazama basi tofauti ya kwanza. Kanari aliingia mgodini kwa mkono wa mtu, na mtu alimwangalia kila dakika. Popo aliingia mwenyewe, na hakuna anayemwangalia.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Mwili wa popo huyu unaweza kubeba virusi vinavyoitwa Marburg. Jina hilo ni la mji wa Ujerumani ambako ugonjwa ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1967, pamoja na Frankfurt na Belgrade, kati ya watu wa laboratori waliogusa nyani wadogo waliotoka Uganda. Watu 31 waliugua, 7 walikufa. Ni ndugu wa Ebola, ugonjwa ambao sisi Wakongomani tunaujua sana.

Popo mwenye virusi hivyo hagonjwi. Anakula, anaruka, anazaa. Lakini virusi vinatoka katika mate yake, mkojo wake na mavi yake, vinaanguka juu ya mawe, juu ya vyombo, juu ya kofia ya yule anayepita chini. Kinachotuua sisi, yeye hakimwangushi. Hapo ndipo utaona kosa la lile neno tuliloanza nalo. Popo akiwa mzima haonyeshi kwamba wewe utakuwa mzima. Na hata kwa upande wa hewa, hakuambii kitu. Anaweza kuning'inia karibu na mlango penye upepo, na wewe unapita chini yake, unakwenda mita mia mbele, mwisho wa njia iliyofungwa, mahali yeye hafiki kamwe.

YALIYOTOKEA DURBA

Hatusemi mambo ya mbali. Yalitokea katika Kongo yetu.

Toka mwezi wa kumi wa 1998 hadi mwezi wa tisa wa 2000, ugonjwa wa Marburg ulipiga Durba na Watsa, kaskazini-mashariki, katika nchi ya dhahabu. Watu 154 walihesabiwa kuwa wagonjwa; 128 walikufa. Kati ya kumi, zaidi ya wanane. Wagonjwa zaidi ya nusu walikuwa vijana wanaume wachimba dhahabu, na waliofanya kazi chini ya udongo, zaidi katika mgodi wa Goroumbwa. Ilikuwa wakati wa vita. Watu walichimba kwa ajili ya kula, bila mapampu yanayotosha, bila mavazi ya kazi, bila mkubwa wa usalama. Ndani ya mgodi huo popo walikuwa wengi sana.

Wataalamu walipouliza wagonjwa na jamaa zao, waliona jambo la ajabu. Katika wagonjwa wasio wachimbaji, 67 kwa 100 walikuwa wamekaribia mgonjwa mwingine mbele ya kuugua. Lakini katika wachimbaji ni 27 tu kwa 100. Maana yake ni nini? Wengi wa wachimbaji hawakuambukizwa na mtu. Waliambukizwa na mgodi. Laboratori nazo zilionyesha hivyo: virusi vilivyopatikana katika damu ya wagonjwa vilikuwa vya namna tisa au zaidi. Si moto mmoja uliotoka nyumba moja kwenda nyingine. Ni moto uliowashwa mara nyingi, kila mara kwa mtu mwingine aliyeshuka shimoni.

Baadaye walikamata popo wa Goroumbwa na kuwapima. Alama za virusi zilionekana katika popo huyu wa matunda, na pia katika namna mbili za popo wadogo wanaokula wadudu. Kwa hiyo usifikiri kwamba mdogo hana neno.

Ndugu, hapa tusimame kidogo. Watu wa Durba walikuwa wanaujua ugonjwa huo mbele ya dunia. Walikwisha kuupa jina la mji wao wenyewe: ugonjwa wa damu wa Durba. Wachimbaji walikufa mmoja mmoja, na hakuna aliyefika. Dunia ilisikia pale mganga mkuu wa eneo hilo alipokufa mwenyewe mwaka 1999, baada ya kuwahudumia wagonjwa.

Unaona kilichotendeka? Kule Durba kulikuwa na kanari, na kanari hao walikuwa watu. Mchimbaji alianguka kama ndege kutoka kijiti, na hakukuwa na mtu wa kutazama kizimba. Ugonjwa ulikoma mwaka 2000 wakati maji yalipoujaza mgodi. Mtu akisema kwamba ni akili zetu zilizoushinda, anajisifu bure.

JE, TUWAUE POPO?

Najua wengi wenu mmekwisha kupata jibu: «Leteni moto, leteni nyavu, tuwamalize.» Ni jibu la mtu mwenye hasira, na hasira yake ina haki. Lakini sikilizeni habari ya Kitaka.

Kitaka ni mgodi wa Uganda, upande wa magharibi. Mwaka 2007 wachimbaji wanne waliugua Marburg. Waliopima waliona kwamba popo waliokaa mle walikuwa zaidi ya 100,000, na kati ya popo 100, kama 5 walikuwa na virusi wakati ule. Mwaka uliofuata watu wa mgodi waliamua kuwamaliza. Walitega nyavu, waliziba matundu kwa matete, popo wakafa wengi mno.

Je, Kitaka ilipona? Popo wengine walirudi kidogo kidogo. Mwaka 2012 ugonjwa ulirudi katika eneo lile lile, watu 15 wakathibitishwa na laboratori, kuliko wakati wowote mbele yake katika Uganda. Wataalamu walipoingia tena mgodini, popo walikuwa wachache sana kuliko zamani, lakini sasa zaidi ya 13 kati ya 100 walikuwa na virusi. Popo walipungua, hatari ikaongezeka.

Sababu wanayoitoa wataalamu si ngumu. Mahali penye popo wengi na wazee, wengi wao walikwisha kupata virusi utotoni na miili yao imejifunza kuvishinda. Ukiwaua, nafasi inakuwa tupu. Wanakuja wageni na vijana ambao miili yao haijui kitu, na virusi vinapita kati yao kama moto katika majani makavu. Tena yule anayeua popo kwa mikono, anayeburuta maiti zao, anajipaka damu na mkojo wao. Huyo ndiye wa kwanza katika hatari.

Na tusisahau upande mwingine. Popo wa matunda anapanda mbegu porini na kubeba unga wa maua usiku. Popo mdogo anakula wadudu. Kosa la popo ni moja tu: kukaa mahali mtu anapotaka kupita. Mwamuzi mwema hapo hamhukumu yeyote kifo, anawatenga.

MAONI YETU

Basi tunasema nini?

La kwanza. Tuache kumwomba popo ushuhuda asio nao. Hewa inapimwa kwa mashini ya kupima hewa, na mtu aliyejifunza kuitumia. Mashini hiyo ndiyo kanari wa siku hizi. Lakini kanari asiyetazamwa ni kizimba tu. Mashini ambayo betri imekufa, mashini iliyofungwa katika kabati ya biro, mashini inayolia na kapita anasema «Tumalize kwanza kazi hii» haina faida hata kidogo. Kule Uingereza ndege akianguka, kazi ilisimama. Hakukuwa na majadiliano. Sisi nasi, mashini ikilia, tutoke. Mkubwa wa kazi atakayewakaripia kwa kutoka, yeye ndiye wa kukaripiwa.

La pili ni kwa kompani na wakubwa wake, na tunalisema kwa heshima. Njia za zamani zisizotumika zifungwe, na zifungwe kwa akili. Wakati wa kufunga, popo wawe wamekwisha kutoka, au vyuma viwekwe vinavyomzuia mtu na kumwachia popo nafasi ya kupita. Penye popo na kazi mpya inatakiwa, waganga waitwe mbele, si nyuma. Jambo hilo lina bei, tunajua. Lakini hesabuni pia bei ya Durba: maiti 128.

La tatu ni kwa wachimba kwa mkono, watoto wetu na ndugu zetu. Wako wanaosoma ukurasa huu kwa sababu baba au kaka analeta gazeti nyumbani. Hatuwatukani. Tunajua njaa ni nini, na tunajua kwamba mtu haingii katika shimo lililoachwa kwa sababu anapenda giza. Lakini kijana, kati ya hatari zote za shimo unazozijua, ukuta kuanguka, maji, ukosefu wa hewa, ongeza hii. Jiwe likianguka linakuua wewe peke yako. Ugonjwa huu unaubeba hadi kwa mama yako anayekuosha, kwa bibi yako, kwa mtoto aliye mgongoni.

Kuna watakaosema: «Baba zetu waliingia mashimo ya popo na hawakufa.» Ni kweli, wengi hawakufa. Si kila popo ana virusi, na si kila siku. Wanaobeba zaidi ni popo vijana wa miezi sita hivi, na popo huyu anazaa mara mbili kwa mwaka; hatari inapanda na kushuka. Mtu anaweza kuingia mara mia na kutoka mzima. Lakini kanari wa Haldane hawakuanguka kila siku, na hakuna mtu aliyesema kwa sababu hiyo waachwe nyumbani.

ANGALIA MAMBO HAYA

Usiingie katika njia ya zamani bila ruhusa, hata kwa kukimbia mvua, hata kwa kwenda haja.

Ukikuta popo mahali pa kazi, usiwarushie mawe, usiwafukuze kwa moshi. Rudi nyuma, mwambie kapita na wajumbe wa usalama.

Kama kazi inakulazimisha kupita penye popo, vaa maski, glavu, mabuti na nguo zinazofunika mikono na shingo. Nguo hizo zibaki kazini, zisiende kufuliwa nyumbani pamoja na nepi za mtoto. Oga kwa sabuni mbele ya kula na mbele ya kuvuta sigara.

Usifagie mavi makavu ya popo. Vumbi lake linabeba pia ugonjwa mwingine, wa mapafu, unaoletwa na kuvu wadogo. Lilowanishwe kwanza, na wanaofanya kazi hiyo wawe wamefundishwa.

Usiokote popo aliyekufa. Popo wa pango si mboga. Na tunda lililotafunwa nusu chini ya mti, mwambie mtoto aliache.

Ukisikia homa kali ya ghafla, kichwa kinauma sana, mwili mzima unauma, nenda hospitali siku ile ile. Sema wazi: «Nafanya kazi chini ya udongo, na niliingia mahali penye popo siku fulani.» Ugonjwa huu unaweza kuonekana toka siku ya 2 hadi ya 21 baada ya kuambukizwa, na mwanzoni unafanana na malaria. Mganga hawezi kusoma mawazo yako. Neno lako hilo moja linaweza kukuokoa, na kumwokoa mganga pia.

Msiguse wala kuosha maiti ya mtu aliyekufa kwa homa hiyo. Ni jambo zito kwa desturi zetu, tunajua. Lakini marehemu aliyewapenda hatataka kuwachukua.

RWANDA, MWAKA 2024

Neno la kwenda hospitali mapema si la kujaza karatasi. Mwezi wa tisa wa 2024 Marburg ilitokea Rwanda, kwa jirani zetu. Uchunguzi ulirudi hadi kwa mchimba madini aliyefanya kazi ndani ya pango lenye popo hawa hawa wa matunda. Toka kwake ugonjwa uliingia hospitali. Wengi wa walioambukizwa walikuwa waganga na wauguzi. Watu 66 waliugua. Waliokufa ni 15. Mwisho wa ugonjwa ulitangazwa tarehe 20 desemba 2024.

Linganisha: Durba, 128 kati ya 154. Kigali, 15 kati ya 66. Popo ni yule yule. Virusi ni vile vile. Tofauti ni watu: walitafuta wagonjwa kwa haraka, waliwapa maji ya mshipa na dawa mapema, walifuata kila aliyewakaribia, na walikwenda kupima pango lenyewe. Kwa maneno mengine, walitazama kizimba. Tujifunze kwao bila haya.

NA NYUMBANI JE?

Mbele ya kumaliza, neno moja kwa bibi wa mfanyakazi, maana yeye naye ana mgodi wake, jikoni.

Ile hewa iliyoua watu wa Tylorstown unayo ndani ya mbabula yako. Katika miezi ya baridi, mwezi wa sita na wa saba, kuna jamaa wanaoingiza mbabula yenye makala ndani ya chumba cha kulala, wanafunga mlango na madirisha, wanaziba hata tundu dogo kwa kitambaa ili joto lisitoke. Moshi hauonekani tena, makala ni mekundu, kila mtu anafikiri hatari imepita. Ndipo hatari inapoanza. Asubuhi majirani wanabisha hodi, na hakuna anayeitika.

Mama, katika chumba hicho hakuna kanari wa kuanguka mbele yako. Aliye mdogo, mwenye pumzi ya haraka, ni mtoto wako mchanga. Usimweke yeye awe kanari wa nyumba. Mbabula ibaki nje. Blanketi la pili lina bei ndogo kuliko sanduku la maiti.

Ndugu mfanyakazi, kesho utashuka tena. Kama utamwona popo, mwache alale, nawe geuka. Kama mashini ya hewa inalia, toka, na mwite mwenzako atoke pamoja nawe. Na kama kijana mpya atakuambia lile neno kwamba penye popo ni salama, usimcheke. Mweleze habari ya Durba, taratibu, mpaka aelewe.